Kinyaa cha Mzee Sifael

Mzee Sifael alitema mate kwanza, ndipo akaitikia shikamoo ya mgeni. Harufu ya mbwa ilikuwa imeingia uani kabla ya binti mwenyewe, ikampanda puani.

Binti aliitwa Hadija. Alikuwa amepanda Kirua Vunjo kutoka Moshi mjini, kwenye kikundi kinachotunza mbwa waliotupwa na kuchanja wale wa vijijini. Fulana yake ilijaa manyoya, na begani palikuwa na ute uliokaukia hapo. Mzee aliutazama ute ule, akatema tena.

"Babu, nimeambiwa wewe ndiye mzee wa kanisa," Hadija alisema. "Jumamosi tunachanja mbwa bure pale kanisani. Tunaomba ututangazie. Na Jumapili, kama mtakubali, mnada wa ndizi utuchangie dawa."

"Ndizi za sadaka zikanunue dawa ya mbwa? Na wewe ni Mwislamu! Si mnasema wenyewe, ukicheza na mbwa atakufuata msikitini? Mate yake kwenu si najisi?"

"Ni najisi, babu. Ndiyo maana nanawa."

Jibu hilo halikumtuliza. Mzee Sifael alikuwa na hofu moja tu duniani, kufa kwa kichaa cha mbwa. Akiwa kijana alimwona baba yake mdogo aliyeng'atwa, amefungwa kitandani kwa kamba, na alipoletewa maji ya kunywa aliyapigia kelele kama aliyeonyeshwa nyoka. Tangu hapo mbwa hakukanyaga uani kwa Sifael. Kanuni zote alizijua kuliko wanaozifundisha: usikimbie, usimkazie macho, simama kama mgomba mpaka aondoke zake.

"Juzi alipita mmoja hapa, mate yananing'inia," alisema, na mdomo ukamkunjika kwa kusimulia tu. "Nikajifungia ndani na mke wangu. Hakutugusa."

"Na mifugo je?"

"Ng'ombe wangu yumo bandani. Alipiga kelele kidogo, basi. Amejikwaruza pua kwenye boriti."

Hadija aliacha kutabasamu. "Babu, naomba nimwone."

"Kwa mikono hiyo?" Mzee alisimama, mkongojo juu. "Mikono iliyoshika mbwa imshike Upendo wangu, halafu mimi ninywe maziwa yake? Toka! Toka kwangu!"

"Basi mwite mganga wa mifugo amwone leo, babu. Tafadhali."

Mganga hakuitwa. Mzee alimwamuru mkewe, Eunike, amwage maji na majivu pale aliposimama yule binti, na siku mbili nzima akala bila hamu.

Masika yakakolea. Asubuhi moja Upendo aligoma kula. Sauti ilimkauka, akawa analia kwa kukwaruza, na mate yakamtoka nyuzi nyuzi mpaka kwenye majani ya migomba aliyowekewa. Majirani walikubaliana kwamba parachichi limemkwama kooni. Hutokea sana huku, maana miparachichi imejaa kila kihamba, yaani kila shamba la migomba linalozunguka nyumba.

Mzee hakusita. Alikunja shati, mkono wake wa kulia, wenye michubuko ya kukata majani, akauzamisha kinywani mwa ng'ombe mpaka kiwikoni. Alipapasa koo lote huku akimbembeleza kwa Kichagga. Meno yalimkwaruza, wala hakujali. Parachichi hakuliona. Alipoutoa mkono ulikuwa umetapakaa mate mazito ya uvuguvugu, akajifuta kwenye suruali na kupokea sahani ya kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, aliyoletewa.

Eunike aligeuza uso. "Lakini Baba Flavia, si unawe kwanza!"

"Ninawe nini? Huyu ni ng'ombe, siyo mbwa."

Upendo alikufa kesho yake, kabla hawajampata mganga wa mifugo. Mzee alimlilia kama binadamu, akakataa katakata aliposhauriwa auze nyama, akamzika nyuma ya banda.

Kahawa ilipoanza kuiva, karibu mbwa wote wa kijiji walikuwa wamechanjwa. Mchungaji alitangaza mwenyewe, na mnada wa ndizi ukafanyika mzee akiwa ametoka nje kwa hasira. Mbwa wa jirani yao Calvin alikuwa akipita kando ya ua na utepe mwekundu shingoni, na kila akipita mzee alitema mate.

"Mchanjeni, mvisheni na tai," alisema. "Mimi ulimi wa mbwa haujanigusa hata siku moja, na nitakufa haujanigusa."

Wiki hiyo homa ikamshika. Mkono wa kulia ulimwasha, akayalaumu matawi ya kahawa. Usingizi ulimpaa, na upepo ukipita mlangoni alishtuka na kufoka mlango ufungwe. Jioni ya pili Eunike alimletea maji.

"Kunywa kidogo, Baba Flavia. Umeshinda na kiu."

Kikombe kilipomkaribia, mzee alipandwa na kinyaa ambacho hata mbwa hawakuwahi kumtia. Koo likajifunga.

"Yatoe! Yananuka mbwa!"

Eunike aliyanusa. Yalikuwa maji matupu ya bomba, hayanuki chochote. Akamsogezea tena, taratibu. Mzee alirudi nyuma mpaka ukutani, akijikuna mkono ule wa kulia, na mate yakamchuruzika kidevuni asiweze kuyatema.