Tangi la Ainabkoi

Waiyego alifunua tangi la kupozea maziwa, akapigwa na butwaa. Limejaa pomoni!

Kampuni ilikuwa imemtuma Ainabkoi, alikokupenda kama kwao, kwa mara ya mwisho: afunge kituo, arudi Eldoret na tangi kwenye lori.

"Mama, si niliwaambia hatununui tena?"

"Sio ya kuuza," akajibu mama mlinzi wa kituo. "Hapa kwetu hatumrudishii mtu chombo chake kikiwa kitupu. Tumekamua sisi wote, tukawajazia."

Waiyego alibandika kiganja kwenye chuma. Kilikuwa bado na joto la ng'ombe. Plagi ya tangi ilikuwa imeshachomolewa ukutani; bila stima, maziwa yangechacha kabla ya jioni.

Simu ikalia. Meneja.

"Mbona lori bado liko huko?"

"Tangi limejaa maziwa, bosi. Halibebeki."

"Si umwage!"

Nje, akina mama walikuwa wamesimama kwenye baridi, gambuti miguuni, mitungi mitupu mikononi, wakingoja kumuaga.

"Kuja umwage mwenyewe," Waiyego akasema, "hawa wakikuangalia."

Akakata simu, akachomeka plagi ukutani. Mtambo ukakohoa, kisha ukanguruma.

"Mama," akasema, "kesho mlete kama kawaida."