Mchicha wa Bi Mwatum

Bi Zulekha alilisukuma bakuli la uji, likapinduka mkekani. Suhaila, bintiye, akafuta. Tangu wamzike Shadya, dada yake, mama yao alikuwa hali kitu. Daktari alishasema wazi kwamba asipotia kitu tumboni atamfuata mwanawe.

Nyumba nzima pale Gando ilijaribu. Supu ya kuku, samaki wa kupaka, hata tende. Bi Zulekha alifumba mdomo na kugeukia ukutani.

Aliyeufungua mdomo huo ni jirani yao, Bi Mwatum, mwanamke ambaye watu walimkimbia kwa mawaidha yake ya mazingira. Kwake hakuna takataka. Maganda ni mbolea, chupa ni chombo, kwenda dukani bila kapu la ukindu ni aibu. Na maji ndiyo hasa yaliyokuwa ugonjwa wake. Ya kukoshea mchele aliyapeleka migombani, ya kufulia akayadekia. Hata siku ya maziko, alipotoka chumba cha ndani kanga imemrowa, neno lake la kwanza lilikuwa kuwagombeza wanawake walioacha mfereji wazi. Watu walimwona hana haya.

Basi akaja na mchicha wa nazi. Kiangazi kilikuwa kimeua bustani zote za mtaani, lakini tuta lake moja, lililotapakaa majani ya mkunazi, lilistawi kwa kiburi. Bi Zulekha akaonja, akatafuna, akameza. Suhaila alikwenda kulia jikoni kwa furaha.

Ikawa kila siku mchicha. Mashavu ya mama yakaanza kujaa. Suhaila, aliyekuwa akimcheka Bi Mwatum, sasa hakumwaga hata maji ya kunawia mikono. Alipanda tuta lake mwenyewe ili mama asije akakosa, akalimwagilia kwa mabaki yote ya nyumbani. Likatoa vijiti vya kusikitisha.

Siku ya khitma ya arobaini Bi Zulekha alitoka kitandani kwa miguu yake, akaketi na wenzake, akala, akaomba aongezwe. Suhaila alimshukuru Mungu kwa sauti. Mama amepona. Alikuwa hata na nguvu za kufanya mzaha, akamwambia Bi Mwatum amfunze huyu mtoto, maana tuta lake linatia huruma.

“Kwani wewe mchicha wako wautilia maji gani, mwenzangu?” akauliza, huku akikusanya tonge.

Bi Mwatum alikuwa na kilema kimoja. Akiulizwa, hujibu.

“Ya Shadya,” akasema. “Nyumba yenu saruji, shimo la kumkoshea siku ya maziko halikuchimbika. N'liyakinga kwa mabeseni, halikupotea tone.”

Bi Zulekha alikuwa bado hajameza.