Nafasi Mbili za Kadi

Kwa siku ya tatu mfululizo mpigapicha alikuwa kaunta ya duka la kamera, amepanga kadi nne za kumbukumbu mbele yake kama anayechagua mchumba. Muuzaji alishakata tamaa. Alikuwa amevuta kiti, anakunywa chai.

"Kaka, zote zinahifadhi picha," alisema.

"Hata bahasha inahifadhi picha."

Kamera yake ilikuwa na nafasi mbili. Moja ilipokea SD, ile kadi nyembamba ambayo kila mtu anaijua. Nyingine ilipokea CFexpress, nene, ya kasi ya ajabu, yenye jina ambalo hata muuzaji alilisoma kwenye pakiti kwanza. Wapo wapigapicha wanaojaza kadi ya kwanza ndipo wahamie ya pili. Huyu aliwaita wacheza kamari. Yeye alitaka kila picha iandikwe kote kuwili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa kamera husubiri kadi inayochelewa, hakutaka SD goigoi imcheleweshee mwenzake. Kwa hiyo aliuliza, akalinganisha, akauliza tena alichokwisha kujibiwa juzi.

Tumtendee haki: safari hii alikuwa na sababu. Harusi ilikuwa Jumamosi, na baba wa bibi harusi asingekuwepo. Mzee alikuwa amelazwa mji mwingine, mwendo wa siku mbili, na madaktari walikuwa wameacha kutaja tarehe ya kumruhusu. Alitaka jambo moja tu kabla hajaondoka duniani: kumwona mtu anayemwoa binti yake. Posa ilipokelewa na baba wadogo, yeye akiwa kitandani. Akawakataza hata kumsimulia habari za mwoaji, maana walioshiba vya posa husifu mpaka chongo. Walipomletea uso wake kwenye simu, aligeukia ukutani. Alikuwa ameendesha studio miaka arobaini, na kwake picha ya simu haikuwa picha.

"Nileteeni picha za harusi zilizopigwa na mtu anayejua kazi," aliwaambia. "Bwana harusi siku ile hawezi kuficha uso. Nikimwona, nitajua binti yangu yuko mikono gani."

Mpigapicha aliyapokea maneno hayo kama mtihani wa kufuzu. Alikuwa bado kaunta bibi harusi alipompigia simu.

"Nguo umezitoa kwa dobi?"

"Nitazitoa. Naangalia kadi."

"Bado unaangalia kadi."

"Ni kwa ajili ya mzee."

"Haya. Ila usichelewe."

Alinunua kadi za kutosha harusi za ukoo mzima, na Jumamosi alifika ofisi ya msajili wa ndoa kabla mlinzi hajafungua geti. Alipiga picha viti vitupu. Alimpiga picha bibi harusi akishuka garini, akikanyaga gauni, akilia, akikana kwamba amelia. Msajili alimkanya mara mbili aweke kamera chini, naye aliiweka kwa muda wa kuvuta pumzi. Pete ikiwa ndiyo kwanza imefika kidoleni mwa bibi harusi, aliipiga kwa mkono mmoja, kwa ukaribu ambao mpigapicha mwingine angetolewa nje. Ukumbini keki ilikatwa mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza mwanga haukumridhisha. Shangazi wa bibi harusi alitangaza kwamba vituko kama hivyo hajaviona tangu azaliwe.

Baada ya sherehe alikagua. Picha elfu mbili, mia tatu na kumi na nne. Zote zimo kwenye SD, zote zimo kwenye CFexpress. Akaapa kwamba kadi hizo hazisafiri bila yeye, akapanda basi pamoja na bibi harusi, na njia nzima mkono wake haukutoka mfukoni.

Wodini muuguzi alimwinua mzee kwa mito miwili. Binti alimbusu baba yake, akataka kuanza utambulisho, lakini mzee aliinua kidole.

"Picha kwanza. Maneno baadaye."

Mpigapicha aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshikia kompyuta ndogo, akaanza kugeuza picha moja moja. Mzee hakuwa mtu wa kusifu ovyo, ila siku hiyo alisifu. Aliusifu mwanga, akausifu mkono usiotetemeka. Kwenye picha ya binti yake akishuka garini alitoa machozi, akasingizia miwani. Mpigapicha alivimba kichwa.

Picha ya mwisho ilipopita, mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Rudi mwanzo," alisema.

Wakarudi. Bibi harusi na keki. Bibi harusi na shangazi. Bibi harusi na msajili. Viti. Kidole cha mpigapicha kikaanza kuwa kizito, na walipofika picha ya mia mbili jasho lilikuwa likimtoka.

"Kijana," mzee alimwambia, "kazi hii naijua, na harusi iliyopigwa vizuri hivi sijaiona. Lakini bwana harusi hayumo. Hata kisigino chake hakimo." Aligonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Mimi sina siku za kungoja harusi nyingine. Yuko wapi huyo mtu?"

Bibi harusi aliichukua kompyuta mikononi mwa mpigapicha, akaifunga taratibu.

"Baba," alisema, "huyo anayetoka jasho ndiye mkweo."