Swali la Digidigi

Kiangazi kimoja Ngiri, karani wa serikali ya porini, alijilaza ndani ya chemchemi akawafukuza wanyama wote. "Sheria imenipa mimi chemchemi hii," alisema. Hakuna aliyewahi kuiona sheria yenyewe, basi wakaondoka na kiu yao.

Digidigi alikuwa mwoga, lakini watoto wake walikuwa wamekauka midomo. Akaiandikia maktaba ya mtandaoni: "Samahani, chemchemi ni ya nani?"

Mkutubi, Bi Kobe, alikuwa hajibu jambo asilolisoma kwa macho yake. Alipekua sheria kutwa nzima.

"Unasubiri bado?" Ngiri alicheka. "Huyo atawajibu wajukuu zako!"

Jioni simu ya Digidigi ikalia. Akawaita wanyama wote chemchemini, akasoma kwa sauti: "Sheria ya Maji, kifungu cha tisa. Chemchemi ni ya wote. Karani ameajiriwa kuisafisha kila siku."

Wanyama wakayatazama matope, kisha wakamtazama Ngiri.

"Kifungu cha tisa sikukifikia," alinong'ona.

"Pole, ndugu karani," alisema Pundamilia, akimpa ufagio.

Ngiri alisafisha hadi maji yakang'aa, na watoto wa Digidigi wakawa wa kwanza kunywa.

Anayeogopa kuuliza hutawaliwa na asiyesoma.