Mwalimu Avuka Daraja

"Simama, Mama! Simama!"

Mwalimu hakusimama. Alibadilisha gia, akainuka kwenye kiti cha baiskeli na kuupanda mlima wa kwanza, huku sauti ya Birika ikififia nyuma yake.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na daraja la kutokea mjini walikuwa wameshalivuka. Birika alilivuka akipiga kelele, shati limechomoka, juu ya baiskeli ya chuma aliyoiazima kwa mwenye duka la mikate bila kungoja jibu. Hakuwa mtu wa baiskeli. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akishinda kibarazani kwa Mwalimu, kwenye kiti cha plastiki, akinywa chai birika zima. Jina lilitokea hapo.

"Na goti lako je?" alipaza sauti.

"Goti ni langu!"

Mwalimu alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini alikwenda shuleni kwa baiskeli, mvua au jua. Leo begi la nyuma lilikuwa na pampu, tyubu ya akiba, mayai mawili ya kuchemsha na chupa tatu za maji.

Kwenye tambarare Birika akakaribia kidogo. "Walishakaa wakaamua! Walisema usivuke daraja!"

"Walikaa bila mimi!"

"Ulikuwepo, Mama! Ulilala!"

"Nililala kwa makusudi!"

Kwenye lango la msitu, mlinzi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake alitoka kibandani mbio. "Mwalimu! Wamekuachia?"

"Nimejiachia."

Mlinzi akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mashine za kukata miti zinaingia Jumatatu."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Huyo anayekuja nyuma, mcheleweshe kidogo."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie asaini kitabu cha wageni. Kwa mwandiko mzuri."

Ndani ya msitu mwanga uligeuka kijani. Miti ilikuwa minene kama vyumba, na vilele vyake huvioni hata ukikunja shingo mpaka kofia ianguke. Mwalimu aliegesha baiskeli kwenye mkubwa kuliko yote. Hapo ndipo alipokuwa akilileta darasa la tatu kila mwaka. Mara ya mwisho watoto kumi na saba walishikana mikono ndipo wakaweza kuuzunguka. Sasa ulikuwa na alama ya msalaba mwekundu, imepakwa usawa wa kifua. Aliweka kiganja juu ya rangi ile, akakaa hivyo, meno ameyauma, mpaka aliposikia chuma kikilia chini ya mteremko.

Cheni ya Birika ilikuwa imechomoka. Alikuwa ameketi katikati ya njia, mikono myeusi kwa grisi, karibu kulia.

Mwalimu alisogea mpaka ukingoni mwa mwinuko, akasimama mbali kiasi cha mtu kutomfikia kwa kukurupuka. "Ipindue! Magurudumu juu! Ishike cheni kwa chini, zungusha pedali kinyumenyume. Taratibu, mwanangu, hukimbizwi!"

Cheni ikaingia. Birika akatabasamu kabla hajajikumbuka.

"Ahsante, Mama. Sasa turudi. Nitawaambia nini wakubwa?"

"Waambie nimekuacha kwenye mataa."

Akaacha chupa moja ya maji na yai juu ya jiwe la maili, akaondoka.

Mchana msitu ulikatika ghafla, na bahari ikatokea chini, pana, ikipiga kelele. Njia ilipita juu ya majabali, na upepo ulikuwa wa mbele. Goti likaanza kuwaka. Mara mbili alikaribia kushuka, na mara zote mbili alilitukana kwa maneno ambayo hakuwahi kuyatamka darasani.

"Miezi minne ndani kwa kuitetea miti," aliuambia upepo. "Miezi minne napima ua kwa hatua. Leo hunirudishi!"

Saa tisa na dakika chache, njia iliishia mchangani. Hapakuwa na pa kwenda tena. Mwalimu aliilaza baiskeli, akaingia majini na viatu vyake, mpaka magotini, mpaka kiunoni, kisha akapiga ukelele mmoja mrefu hata ndege waliokuwa mwambani wakaruka wote.

Alipogeuka, Birika alikuwa amesimama ukingoni, shati limemganda mwilini kwa jasho.

"Umeridhika?" aliuliza.

"Bado."

Hakumharakisha. Alimngoja atoke kwa wakati wake, akampa mkono asiteleze kwenye mawe. Kisha, kwa mkono wa pili, akatoa pingu mfuko wa nyuma.

"Mwalimu, uko chini ya ulinzi," alisema, akihema, "kwa kukiuka amri ya mahakama."

Mwalimu alimnyooshea mikono yote miwili, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Nikitoka nitapitia mlimani," alisema. "Anza mazoezi."