Neno la Vipande Saba

"Robo kilo, na ile karatasi yangu," mwalimu alinong'ona huku akitupia jicho mlangoni kama mwizi wa kuku.

Muuza nyama hakujua kunong'ona. "Mwalimu! Jana uliniletea fahali mzima! Herufi kumi na sita!"

"Kaka, sauti."

"Haya. Neno lako limekatwa kwenye viungo, mfupa haukuguswa."

Mwalimu aliikunjua karatasi: un-pre-dict-a-bil-i-ty. Kati ya vipande palichorwa kulabu ndogondogo, kama zile zinazoning'iniza mapaja ya ng'ombe. Chini yake: kichwa, un, kiwiliwili, predict, mkia, ability.

Ndivyo muhula ulivyokwenda. Neno huachwa jioni, huchukuliwa asubuhi. Miaka kumi na miwili ya kufundisha Kiingereza, na bado maneno marefu humkwama kooni. Aibu tupu! Lakini heri aibu ya buchani kuliko ya leo mbele ya mkaguzi, aliyekwisha kuwaondoa walimu wawili darasani.

"Hivi kaka, wewe ulisoma wapi?"

Muuza nyama akafuta kisu kilichokuwa safi tayari. "Mimi? Nyama tu, mwalimu. Binti yangu hajambo huko darasani?"

"Yule? Bado anajikokota."

Hakusema kwamba alimhamishia dawati la nyuma kwa sababu ya harufu ya bucha, wala kwamba jina lake la utani, Kwato, linalochekesha darasa zima, alilibuni yeye. Muhula mzima hakumuuliza hata swali moja.

Saa tatu mkaguzi aliketi na faili lake. Mwalimu akaandika neno ubaoni, akalikata kwa vistari. Zile kulabu aliziacha, zisije zikamuumbua. Vipande saba vilitimia.

"Safi," mkaguzi alisema. "Sasa mwanafunzi. Yule wa nyuma kabisa."

"Huyo hapana, mheshimiwa. Huyo ni mzito kidogo."

"Ndiyo maana namtaka."

Mkaguzi aliandika neno lake mwenyewe, misunderstanding, kisha akainamia faili. Kwato akaja mbele huku wenzake wakiziba pua na kucheka. Alishika chaki, akalikata neno bila kusita: mis, un, der, stand, ing. Kati ya kila kipande na kingine akaning'iniza kulabu ndogo.

Kisha akashtuka, akamtazama mwalimu, na kwa kiganja akazifuta zote kabla mkaguzi hajainua kichwa.