Glasi Iliyojiendea

Krrr. Umeme ulikuwa umekatika, na gizani glasi ikajiburuta juu ya meza iliyolowa.

"Mama! Nimeiambia kimoyomoyo isogee, ikasogea!"

Mama akawasha tochi ya simu. Glasi aliyotoka kuisuuza kwa maji ya moto na kuigeuza mdomo chini ilikuwa imefika ukingoni, vipovu vikiizunguka. Darasa la jioni analosoma lilimfundisha kwamba hewa ikipata joto hutanuka; ndiyo iliyoiinua glasi. Akisema, ataizima furaha ya binti yake; akinyamaza, atamdanganya.

"Haya, bingwa wangu, iambie na hii." Akaweka mezani nyingine, kavu, ya kabatini, mdomo chini.

Binti akaikodolea macho mpaka mashavu yakamtetemeka. Glasi hata haikujitikisa.

Akazishika zote mbili, taratibu.

"Mama, iliyotembea ina joto."